Makamasi ya Mbuzi Yanayorudi Kila Mara: Kosa Nililofanya Hapa Mkotokuyana

Leo sitaanza na dawa. Nitaanza na kosa langu, kwa sababu kuna mtu lilimgharimu fedha.

Mwaka juzi mwishoni mwa Aprili, bibi mmoja wa hapa Mkotokuyana alinipigia simu. Ana mbuzi kumi na mmoja wa kienyeji. Nilipofika nikakuta wanne wanatoka makamasi mazito, meupe yenye rangi ya njano, na vumbi limeganda puani. Nikapima joto la wawili, halikuwa la kutisha. Walikuwa wanakula. Nikasema haya ni mafua ya masika, nikawachoma OTC ya asilimia 20, nikamwachia maelekezo ya kusafisha banda, nikawasha pikipiki. Baada ya siku chache akanipigia kunishukuru. Makamasi yamepungua.

Mwezi Juni akapiga tena. Wale wanne walikuwa wameanza upya na wengine wawili wameongezeka. Nikachoma tena. Yakapungua tena.

Mwanzoni mwa Julai mjukuu wake alitakiwa kuripoti kidato cha tano, shule ya bweni. Unajua orodha ya vitu vinavyotakiwa, godoro, ndoo, sare, na korosho bado ziko juu ya miti. Bibi akatoa mbuzi wawili auze. Mchuuzi akaja, akawatazama pua, akasema hawa wagonjwa, akatoa bei ambayo kwa mbuzi wawili ilikuwa ni ya mbuzi mmoja mzima. Bibi hakuwa na la kufanya. Simlaumu sana yule mchuuzi. Mimi ndiye niliyewahudumia wale mbuzi mara mbili na sikujua wanaumwa nini.

Aliponiita mara ya tatu, mwisho wa Julai, sikufungua boksi la dawa. Nikamwambia, bibi, leo naomba kigoda nikae niwatazame. Akacheka, akasema, "Mwanangu, kumbe siku zote hukuwatazama?"

Kigodani pale nikamkumbuka mwalimu wetu mmoja wa diploma aliyewahi kuhudumia farasi. Huku Nachingwea na Ruangwa farasi hatuna, mimi mwenyewe nimewaona kwa polisi tu, wale wa Kikosi cha Mbwa na Farasi. Lakini somo lake lilikuwa hili: farasi akitoka makamasi yanayorudi kila mara, kwanza tazama yanatoka tundu moja la pua au mawili. Yakitoka tundu moja tu, tatizo mara nyingi liko kichwani, upande huohuo, pengine ni jino la gego lililooza mzizi na usaha umeingia kwenye uwazi wa mifupa ya uso. Yakitoka mawili, fikiria pia koo na mapafu. Na akasisitiza kwamba dawa ya bakteria itakausha usaha kwa muda, lakini jino bovu litabaki palepale.

Basi nikatazama. Kati ya wale wagonjwa, watatu walikuwa wanatoka tundu moja. Wote walipiga chafya, si moja moja bali mfululizo, na kutikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji puani. Kikohozi hakikuwepo cha maana. Ilipofika kama saa sita, jua kali, wakakusanyika chini ya mkorosho vichwa vimeelekeana, pua zimegusa chini, mmoja amezika pua yake kwenye manyoya ya mwenzake. Mara mmoja akaruka na kupiga mguu chini kama aliyechomwa. Bibi akasema hufanya hivyo kila mchana, alidhani ni joto.

Kabla ya hapo tulikuwa na mtuhumiwa mwingine, salfa. Ni kipindi cha kupuliza mikorosho, vumbi lake linawasha macho na pua za watu, na mbuzi wanachunga humohumo. Majirani wote walikuwa wameshamwambia bibi ni salfa. Nami ningekubali, ila hesabu ya tarehe ilikataa. Makamasi yalianza Aprili, kabla mtu yeyote hajawasha mashine ya kupulizia. Tena salfa ingewasumbua wote kumi na mmoja kwa siku chache, isingewachagua sita kwa miezi mitatu. (Hata hivyo usichunge kwenye shamba lililopulizwa asubuhi hiyo.)

Nilikuwa na wazo sasa, lakini wazo si ushahidi. Ushahidi ulikuja wiki mbili baadaye, kulipokuwa na hitima kwa jirani na mmoja wa mbuzi wale akachinjwa. Ilikuwa imepita zaidi ya siku arobaini tangu nimchome, nisingeruhusu aliwe kabla. Nikaomba kichwa. Wapishi walinishangaa. Tukakipasua kwa msumeno, kuanzia puani hadi kwenye paji la uso, kati ya pembe. Ndani ya zile nafasi za mifupa, katikati ya makamasi mazito, kulikuwa na funza saba. Wadogo walikuwa weupe, wakubwa wamefika karibu sentimita mbili, wana mistari ya kahawia mgongoni. Bibi akakaa chini.

Huyo ni funza wa inzi wa puani. Inzi huyu hali chochote akishakuwa mkubwa. Kazi yake ni kuzaa. Hatagi mayai kama inzi wengine, bali huruka mbele ya pua ya kondoo au mbuzi na kurusha funza hai, wadogo kama chembe ya mchanga. Ndiyo maana mnyama anaficha pua mchana wa jua, wakati inzi anapofanya kazi. Funza hupanda ndani ya pua hadi kwenye uwazi wa mifupa ya kichwa, hukaa humo wiki kadhaa au miezi akikua na kukwaruza, kisha hushuka na kutolewa kwa chafya. Akidondoka hujifukia udongoni, na baada ya wiki chache anatoka inzi mpya.

Sasa unaona kwa nini OTC ilinidanganya. Mikwaruzo ya funza huingiwa na bakteria, usaha ukaongezeka. Sindano yangu iliua bakteria, makamasi yakapungua, bibi akashukuru, na funza wakaendelea kukaa. Albendazoli ya minyoo ya tumbo nayo usiitegemee kwa kazi hii.

Tulichofanya ni kuwachoma wote waliobaki siku moja, wazima na wagonjwa, kwa ivamektini. Ile ya asilimia 1 kipimo chake ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito, chini ya ngozi. Mbuzi wetu wengi wa kienyeji wana kilo 20 hadi 30, kwa hiyo ni kama nusu mililita tu. Tumia sirinji ndogo ya mililita 1 au 2, kwa sirinji kubwa utazidisha. Chupa moja inatosha mbuzi wengi, changeni majirani mnunue pamoja, itasaidia pia kwa sababu inzi hana mpaka wa boma. Ukishachoma, usichinje wala usimuuzie mchinjaji mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, na maziwa yake fuata lebo hiyohiyo. Mchuuzi, uliza tarehe ya sindano kabla ya kulipa.

Usishtuke makamasi yasipokauka kesho yake. Kwa bibi yaliendelea karibu wiki mbili, maana hata funza aliyekufa lazima atoke. Mwezi Oktoba mbuzi wote walikuwa na pua kavu.

Lakini tafadhali usisome haya ukaenda kumchoma ivamektini kila mbuzi mwenye kamasi. Kama makamasi yanatoka matundu yote mawili, mnyama ana homa kali, macho yana tongotongo, ana vidonda mdomoni na anaharisha, na wengine wanaangukia haraka, hiyo waza sotoka ya mbuzi na kondoo. Haina dawa ya kuponya, ina chanjo. Ilithibitishwa nchini mwaka 2008 huko kaskazini, na si muda mrefu baadaye ikafika kwa majirani zetu Tandahimba. Waliochunguza walihusisha kuingia kwake na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Safari yote ile. Na mbuzi anayehema kwa shida, anakohoa na kugoma kutembea, huenda ni homa ya mapafu. Kwa hali hizo mbili usiuze, usihamishe, niite siku hiyohiyo, sampuli tutaipeleka maabara ya veterinari Mtwara. Na mbuzi yeyote mgeni mtenge wiki tatu kabla hujamchanganya na wako.

Ile tofauti ya bei ya mbuzi wawili sijaweza kuirudisha. Nilimpa bibi chupa ya dawa bure, akaikubali, akaniambia nayo ni ya mjukuu.

Nina ombi moja. Ukichinja mbuzi au kondoo aliyekuwa na makamasi ya muda mrefu, nipigie kabla kichwa hakijaingia kwenye sufuria. Najua ni supu. Nitakipasua hapohapo mbele yako, tutatazama, tutakisafisha, nami nitakurudishia.