Sauti ya Koko Ndani ya Simu

 

Mwezi uliopita, baada ya darasa la jioni la watu wazima, mama mmoja alibaki nyuma akituuliza: "Mwalimu, simu ya WhatsApp inarekodiwa namna gani? Mama yangu amezeeka kule, nataka kuweka sauti yake." Wengine watatu waliokuwa wameshafika mlangoni wakarudi kusikiliza. Kumbe swali ni la wengi. Tulijibu kidogo, giza likaingia. Leo tunajibu vizuri, na tutajibu kwa yale yaliyotupata sisi wenyewe nyumbani kwetu, maana yametufundisha kuliko kitabu.

Sisi ni watoto watatu wa nyumba moja. Mmoja wetu ndiye mwalimu wenu wa kujitolea, hawa wawili mnawaona bombani na sokoni. Tulitoka Kivu ya Kusini tukiwa wadogo, tukakulia hapa Nakivale, tukasomea hapa mpaka sekondari. Koko yetu, mama yake baba, alibaki Bukavu, katika mtaa wa Kadutu. Hana simu kubwa. Kila Jumapili baada ya misa kijana wa jirani anamwazima ya kwake, na sisi tunakuwa tumeshachajisha yetu kwa mwenye sola na kununua MB. Tunakaa watatu kwenye mkeka, simu katikati, spika juu. Koko anaanza kila mara hivi: "Batoto bangu, munanisikia?" Na hata tukijibu ndiyo, anauliza tena, maana hamwamini mtu asiyemwona.

Mwaka 2024 tulianza kuogopa. Koko alikuwa anasahau majina, na kikohozi hakikuisha. Dada yetu akasema: siku ikitokea, tutabaki na nini? Picha tunayo moja, nayo imepauka. Basi tukakubaliana kuchukua sauti yake. Hatukumwambia. Tulisema moyoni, tukimwambia ataanza kusema kama mtu anayehutubia, hatakuwa tena koko.

Hapa tueleze jambo la ufundi, maana ndilo mliloliuliza. Kwanza tulipakua programu moja ya kurekodi simu. Tukapiga, tukaongea nusu saa, tukafungua kusikiliza. Tulisikia sauti zetu tu: "Ndiyo koko... ee koko... pole koko." Upande wake kimya kabisa, kama wagonjwa wanaoongea na ukuta. Baadaye tulijua sababu. Tangu Android 9, iliyotoka mwaka 2018, programu za nje hazipewi tena ruhusa ya kusikia sauti ya mtu wa upande wa pili. Watengenezaji wakapita mlango wa uani, ile huduma iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na mlango huo nao Google waliukataza kwa programu za duka la Play mwezi Mei 2022. Kwa hiyo usimlaumu aliyekuuzia simu.

Simu nyingine zinakuja na kitufe chake cha kurekodi ndani ya sehemu ya kupigia simu. Kama unacho, utakiona wakati simu ya kawaida inaendelea. Katika nyingi, ukikibonyeza, sauti inatangaza kwa nyinyi wawili kwamba mazungumzo yanarekodiwa. iPhone nazo zilipata kitufe hicho Oktoba 2024, nazo zinatangaza vilevile. Lakini hiyo ni simu ya kawaida. WhatsApp yenyewe haina kitufe cha kurekodi maongezi. Na ukirekodi kioo cha simu, mara nyingi unapata picha bila sauti ya mwenzako.

Njia iliyobaki ni ya watu maskini, na ndiyo inayofanya kazi: simu mbili. Moja inaongea ikiwa kwenye spika, ya pili inawekwa karibu, imefunguliwa kinasa sauti chake. Tuliazima simu ya rafiki, tukaiweka chini ya kitambaa cha mkeka. Tukajiona wajanja sana.

Jumapili hiyo koko alikuwa na nguvu. Aliongea dakika 41. Alituimbia wimbo wa kulima wa Kishi ambao baba alikuwa akiuimba akinoa jembe. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu, bila sisi kumuuliza, akaingia katika habari ya shamba la babu kule kijijini Walungu: linaanzia wapi, linaishia kwenye mti gani, na jirani gani alisogeza mpaka baada ya sisi kukimbia. Alimtaja jirani huyo kwa jina lake na la baba yake. Halafu akaendelea kusema kwamba jirani huyohuyo, wakati wa vita, ndiye aliyemficha babu nyumbani kwake siku nne na kuwapa watoto uji. "Mutu ni mutu," alisema, "ana mukono wa kutoa na mukono wa kukamata."

Sauti ile ilikuwa kubwa, karibu MB 40, na kuituma yote kungemaliza pesa zetu. Tukakata kipande. Tukachagua kile cha muhimu, dakika sita za mipaka ya shamba, tukakituma kwenye kundi la ukoo ili kila mtu ajue haki yetu iko wapi. Wimbo hatukutuma. Uji na zile siku nne za kufichwa hatukutuma. Tuliona si ushahidi.

Kundi lile lina watu 60 hivi, wako Uganda, Burundi, Zambia, Kanada. Mmoja akamtumia shemeji yake, shemeji akamtumia mwingine. Baada ya wiki tatu kipande kilifika kijijini, na jirani yule akasikia jina lake mwenyewe katika sauti ya koko, likitajwa kama la mwizi, bila lile neno la wema lililofuata. Watoto wake wakashuka mpaka Kadutu. Hawakumpiga, tunamshukuru Mungu. Walisimama mlangoni wakapiga kelele mbele ya mtaa mzima, wakisema mama mzima anapeleka watu kwenye simu. Koko alikuwa hajui hata wanaongelea nini. Wakamchezeshea sauti yake pale pale mlangoni.

Usiku huo alihamia kwa shangazi, Bagira. Jumapili iliyofuata tulipiga, kijana akasema koko hayupo. Ya pili vilevile. Ya tatu koko alishika simu. Hakuuliza kama tunamsikia.

"Mulichukua sauti yangu bila kuniuliza," alisema. "Hata mwizi wa kuku anangoja usiku. Ninyi mulinikamata mchana, nikiwa nawachekea."

Tuliomba msamaha. Alisema: "Futeni." Tukamwambia tutafuta kile kipande. Akasema: "Futeni yote. Hata wimbo."

Ndugu wasomaji, tulikaa na jambo hilo siku mbili. Dada yetu alisema tufiche nakala moja kwenye kadi ya simu, hatajua. Kaka yetu akasema, tukificha tutakuwa tumemwibia mara mbili. Hatukulala vizuri. Siku ya tatu tulikaa wote watatu, tukasikiliza dakika 41 kwa mara ya mwisho, tukafuta. Tukaandika kwenye kundi kuwaomba wote wafute. Wengine walifuta. Lakini WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa watu wote kwa muda wa karibu siku mbili na nusu tu, nasi tulikuwa tumepita wiki tatu. Na kilichokwisha tumwa kwa mtu mwingine hakirudi hata ukifuta cha kwako. Kwa hiyo kile kipande kibaya mpaka leo kinatembea mahali fulani. Kile kizuri, chenye wimbo, ndicho kisichokuwepo tena.

Halafu ikaja katikati ya Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu. Mnaokumbuka siku zile mnajua jinsi kambi nzima ilivyokuwa imeshika simu. Sisi tulikaa siku tisa bila kumpata koko wala shangazi. Usiku tulikuwa tunatafuta kwenye simu zetu zote, labda kuna kipande kilichosahaulika. Hakikuwepo. Tulijua ya kuwa akiwa amekufa, tumebaki na picha moja iliyopauka, na kosa letu.

Siku ya kumi simu ikalia. Namba ngeni. "Batoto bangu, munanisikia?"

Hatukuweza kujibu. Yeye akaendelea: wako wazima, walilala chini ya kitanda, shangazi amepoteza mifuko miwili ya unga. Halafu akanyamaza kidogo akauliza: "Leo munarekodi?" Tukasema hapana koko, tunaapa. Akasema: "Basi safari nyingine murekodi. Lakini muniambie mbele."

Wiki mbili baadaye tulimwambia, koko, tunawasha. Akasema tungoje avae kitenge kizuri. Tukacheka: koko, ni sauti tu, hakuna anayekuona. "Miye najiona," alijibu. Tukangoja, MB zinaisha, na hatukujali.

Sasa tuseme yale tunayowashauri, mama zetu na baba zetu, dada na kaka.

La kwanza, omba ruhusa, hata kwa mzazi, na zaidi kwa mzazi. Hii siyo adabu tu. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mawasiliano ya mtu, na kuna sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari binafsi inayotaka ridhaa. Sema wazi: narekodi, nitaweka mimi, nitampa fulani tu.

La pili, kama mtu wako ana simu kubwa au ya kuazima, mwombe akutumie ujumbe wa sauti. Anaushika mwenyewe, anautuma mwenyewe, kwa hiyo ruhusa iko ndani yake. Unakula MB kidogo, na anaweza kuutuma siku mtandao ukirudi.

La tatu, usikate kipande ukakituma. Neno lililotolewa katikati ya mengine linaweza kumgombanisha mtu na mtaa. Na majina ya watu na mipaka ya mashamba visiende kwenye kundi kabisa. Kule nyumbani kuna watu wanaoishi na matokeo ya maneno yetu sisi tuliokimbia.

La nne, jihadhari na programu zinazosambazwa kwa faili nje ya duka, zikiahidi kurekodi kila kitu. Zinaomba ruhusa za kusoma meseji na majina yako yote. Pesa zako za simu ziko hapo hapo.

La tano, kuna simu ambazo ni vizuri kuzihifadhi kwa sababu nyingine. Akikupigia mtu akikuomba pesa ili jina lako liende kwenye orodha ya kwenda Marekani au Kanada, huyo ni tapeli. Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure, zote. Andika namba yake, tarehe na saa. Kama una kitu kilichorekodiwa, kipeleke ofisi ya ulinzi. Usikitupe kwenye makundi, maana tapeli atabadili namba na wewe utabaki na maadui.

La sita, sauti uliyopewa itunze. Ipe jina na tarehe, weka nakala kwenye kadi ya kumbukumbu na nyingine kwa ndugu mnayeaminiana. Simu zinaanguka majini.

Sisi leo tuna sauti 17 za koko. Hakuimba tena ule wimbo wa kulima. Tulimwomba mara moja, akasema umepotea, na hatukujua kama anasema kweli au bado anatuadhibu kidogo. Tumekubali.

Na habari ya shamba bado anatuambia, kwa sababu anataka tuijue kabla hajaenda. Lakini akifika hapo anasimama na kusema: "Zimeni." Tunazima simu ya pili, tunamwonyesha kwa maneno: koko, tumezima. Halafu tunainama wote watatu juu ya ile inayobaki, tunasikiliza kwa masikio, kila mmoja akishika sehemu yake, kama watu walivyofanya kabla ya simu.

Tutaonana toleo lijalo. Salamu nyingi kwa wazee wenu walio mbali.