GEMU NIIPENDAYO

Wazee wengi hudai kwamba gemu za televisheni ni kupoteza wakati bure. Mimi napinga katakata.

Utotoni nilicheza Tetris na Super Mario Bros., lakini iliyonikaa moyoni ni Contra. Kampuni ya Konami iliitoa mwaka 1987, na mwaka 1988 ikaingia kwenye kaseti za Nintendo za kuchezea nyumbani. Askari wawili hupigana bega kwa bega. Wengi huikumbuka kwa risasi; mimi naikumbuka kwa maporomoko ya maji, hatua ya tatu. Hapo skrini hupanda tu, haishuki. Ukikimbilia juu, mwenzako aliyebaki chini anakufa.

Mimi nilikuwa mzito wa vidole. Kaka alikuwa akisimama pale juu ya jiwe na kuniambia, "Ruka polepole, mimi nakungoja." Wenzake walimcheka, eti anacheleweshwa na mtoto.

Mwaka huu karo ilipokuwa haba nyumbani, kaka aliahirisha chuo, akaenda kufanya kibarua cha mjengo ili nimalize kidato cha nne. Ama kweli, damu ni nzito kuliko maji. Anayesema gemu haifunzi kitu, na aje kwetu amwone kaka.