Vikombe vya Picha

Kikombe ni chombo kidogo, lakini heshima yake si ndogo. Mgeni huonja ukarimu wa mwenyeji wake katika kikombe kabla ya kuuonja katika sahani. Mgonjwa hunyweshwa uji kwa kikombe kabla hajaweza kumega ugali. Na mzee huwa na kikombe chake ambacho mjukuu hathubutu kukigusa. Si ajabu, basi, kwamba watu wa zama hizi wamependa kutia majina na sura katika vikombe, kama walivyopenda tangu zamani kutia maneno katika kanga. Hapa Songea vikombe vya picha hutolewa katika harusi, mahafali, kipaimara na sherehe za kuwaaga wastaafu. Hutolewa pia katika misiba, na hapo ndipo kazi hii huacha kuwa mchezo.

Msimu mmoja wa mavuno mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinijia na fedha za mahindi. Mama yake alikuwa ameuza magunia kumi ili binti apate kazi ya kufanya nyumbani, maana masomo alikuwa ameyamaliza na ajira ilikuwa haijamfikia. Baada ya kuniamkia alisema, "Mjomba, nataka kuchapa vikombe. Nisaidie kuchagua mashine." Mimi ni mwalimu mstaafu, wala si fundi wa mitambo, lakini mjomba akiombwa shauri hana ruhusa ya kusema hajui kabla hajauliza. Basi tuliuliza, tukasoma, tukajaribu. Niandikayo hapa ni matunda ya kuuliza huko, nayo nayaweka mbele ya msomaji kwa kuwa magunia kumi ya mahindi ni jasho la mwaka mzima, na jasho la mwaka mzima halifai kumwagwa kwa siku moja ya haraka dukani.

Kwanza yafaa kujua kazi yenyewe jinsi ilivyo. Wino wa kawaida haushiki juu ya kauri. Picha iliyochapwa kwa wino wa ofisini ikibandikwa kikombeni, itaondoka kwa maji ya kwanza. Wino wa kazi hii huitwa wino wa sablimesheni, na tabia yake ni ngeni kidogo. Chembe zake za rangi zikipata joto kali haziyeyuki zikawa maji. Hutoka katika hali ya ugumu na kuwa mvuke papo hapo. Mvuke huo hupenya katika mpako mwembamba wa poliesta, au wa jamii yake, uliopakwa kikombeni kiwandani. Kikombe kikipoa, rangi hubaki imefungwa ndani ya mpako. Kwa hiyo kinachoshika picha si kauri hata kidogo. Ni ule mpako, nao hauonekani kwa macho.

Mpwa wangu alianza kwa kuuliza mashine, na nadhani wengi huanza hivyo, kwa sababu mashine ina taa na sauti, na kikombe hakina. Mimi nilimshauri tuanze mwisho na kurudi mwanzo. Mteja anataka nini? Anataka sura isiyofutika. Sura hushikwa na nini? Na mpako. Basi kitu cha kwanza kuchaguliwa ni kikombe, cha pili ni wino, cha tatu ni printa ipokeayo wino huo, na cha mwisho ni mashine ya joto. Kando ya Ziwa Nyasa, akina mama wa Kikisi wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi, na hakuna mfinyanzi kati yao atakayeanza kwa kusifu kuni. Huanza kwa udongo, kwa kuwa ajua ya kwamba moto hauwezi kutengeneza kilichoharibika kabla ya moto.

Lakini kitu kisichoonekana huchaguliwaje? Hapo hapana njia ila kujaribu. Tuliagiza Dar es Salaam vikombe vinne tu, viwili kwa muuzaji mmoja na viwili kwa mwingine. Kwa macho vilikuwa mapacha: weupe mmoja, uzito mmoja, mng'ao mmoja. Bei tu ndiyo iliyotofautiana. Tulivipeleka kwa kijana mwenye mashine, tukamlipa atuchapie picha moja katika vyote vinne, kwa joto moja na kwa muda mmoja. Viwili vilitoka vimechangamka kama kanga mpya. Viwili vilitoka vimepauka kama kanga iliyofuliwa miaka mitatu. Hatukuishia hapo. Kikombe kimoja cha kila muuzaji kilioshwa kila siku kwa sabuni na dodoki la waya muda wa mwezi mzima, na kimoja kilikaa dirishani penye jua. Katika vilivyooshwa, kile cha bei nafuu kilipoteza picha vipande vipande, na chenzake kilibaki na picha yake. Katika vilivyokaa juani, hata kile chema kilianza kufifia, maana jua ni adui wa rangi hizi zote. Kwa gharama ya vikombe vinne tulikuwa tumepata elimu ambayo katoni nzima isingetufundisha bila machozi.

Baada ya kikombe ukaja wino, na pamoja nao printa. Si kila printa yafaa. Ziko zinazorusha wino kwa kuupasha joto katika kichwa chake, na hizo hazifai kwa wino ambao kazi yake yote hutegemea joto. Ziko zinazousukuma wino bila kuuchemsha, kwa kijiwe kinachojikunja kikipitiwa na umeme. Za Epson ni za namna hii, na ndiyo sababu hutumiwa sana katika kazi hii. Tena printa ikisha kutiwa wino wa sablimesheni, ihesabiwe kuwa imeposwa: isirudishwe kuchapa barua na ripoti. Mwenye fedha za printa moja na aijue hali hiyo kabla ya kununua, asije akadhani kwamba kwa siku za vikombe itachapa vikombe, na kwa siku za mitihani itachapa mitihani.

Liko na jambo la mahali. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni kilomita zaidi ya 900 kwa barabara ya Iringa, Makambako na Njombe. Anayekaa karibu na Kariakoo akiishiwa wino mweusi asubuhi, jioni anao. Anayekaa Songea husubiri basi. Kwa hiyo tulichagua printa ambayo wino wake huuzwa na watu wengi, tukaacha nyingine iliyosifiwa zaidi lakini wino wake ulikuwa kwa mtu mmoja. Sifa ya chombo mbali na soko ni kupatikana kwa chakula chake. Tena wino ukikaa bila kazi hukauka katika matundu madogo ya printa na kuyaziba. Basi hata wiki isiyo na mteja, mpwa wangu huchapa mistari michache ya kila rangi, kama mtu anayewasha moto mdogo ili jiko lisipoe.

Karatasi na utepe huonekana kuwa vitu vidogo, lakini vidogo hivyo huweza kuvuruga vikubwa. Karatasi yatakiwa iwe ya kazi hii, ili iushike wino kwa kadiri na kuuachilia wote ukipata joto. Utepe wa kuifunga karatasi kikombeni sharti uwe wa kuhimili joto. Wa kawaida huyeyuka na kuacha gundi. Picha huchapwa kinyume, kama ionekanavyo kiooni, ili ikigeuzwa kikombeni isomeke sawasawa. Asiyekumbuka hayo atamkabidhi bwana harusi jina lisilosomeka. Picha ikiwa karatasini huonekana imefifia, na mgeni wa kazi hudhani wino ni mbaya; rangi yake kamili huamka katika joto. Tena masika yetu, toka Desemba hadi Aprili, huleta unyevu. Karatasi iliyonyonya unyevu huacha madoa kikombeni. Kwa hiyo hukaa ndani ya mfuko uliofungwa, kama chumvi.

Mashine ya joto ilichaguliwa mwisho, na kwa kuwa ilichaguliwa mwisho haikutusumbua. Kazi yake ni kukumbatia kikombe kwa mkazo ulio sawa pande zote, kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, kwa dakika tatu au nne, kwa kadiri ya maagizo ya muuza vikombe. Ile ya kikombe kimoja hutumia umeme kidogo, wati 300 hadi 400 hivi. Tuliangalia mambo mawili: je, joto lake ni sawa juu na chini, na je, inakikaza kikombe bila kulegea? Eneo la kuchapa katika kikombe cha kawaida, kile cha mililita 325, ni karibu sentimita 20 kwa 9, na karibu na mkono wa kikombe mashine haifiki. Mteja aambiwe hayo mapema, asipange uso wa mtu mahali pasipofikiwa. Dirisha lifunguliwe wakati wa kazi, na watoto wakae mbali.

Umeme wenyewe una historia katika mji huu. Kwa miaka mingi Songea iliwashwa kwa mitambo ya dizeli, mpaka mwaka 2018 njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilipoufikisha mji wetu katika gridi ya taifa. Bila hayo, kazi ya joto katika chumba cha nyuma cha nyumba isingefikirika kwa mtu wa kipato cha mpwa wangu. Walakini umeme bado huweza kukatika, na ukikatika kikombe kikiwa motoni, picha hubaki nusu. Kifaa cha kutuliza umeme na subira vyote viwili ni sehemu ya zana.

Sasa hesabu. Vikombe hivi aghalabu huja katika katoni ya 36. Tuseme katoni imegharimu shilingi 144,000. Kila kikombe kitaonekana kuwa cha shilingi 4,000. Lakini tuseme vitatu vimevunjika njiani na vitatu vimeharibika katika kujifunza. Vimebaki 30, na kila kimoja kimegharimu shilingi 4,800 kabla ya wino, karatasi, umeme na nauli ya mzigo. Mwenye kugawanya kwa 36 atauza kwa furaha na kufilisika kwa mshangao. Tena akiba ya nyumbani ifuate kalenda ya watu. Kila tarehe 27 Februari, Songea hukumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa siku kama hiyo mwaka 1906, na wageni hufika Makumbusho ya Majimaji. Kikombe cha ukumbusho kikiwa tayari tarehe 28 kimekwisha kuwa kikombe cha chai tu.

Nimesema kwamba kazi hii katika misiba huacha kuwa mchezo. Mama mmoja mjane, kutoka upande wa Peramiho, alikuja na picha ya pasipoti ya marehemu mumewe. Hakuwa na nyingine. Alitaka vikombe sita, kimoja kwa kila mtoto. Mpwa wangu alimkaribisha kiti, akaipiga picha ile katika mwanga wa asubuhi, akairudisha mkononi mwa mwenyewe kabla ya kufanya lolote jingine. Kisha alimweleza kwamba picha ndogo ikivutwa ienee kikombe kizima, uso utavunjika na kuwa ukungu. Afadhali uso mdogo ulio wazi, na jina chini yake. Mama alikubali. Halafu aliuliza swali ambalo mashine haina jibu lake: "Je, mwanangu, haitafutika?"

Binti alijibu, "Ukikiosha kwa kitambaa laini, mama, na usipokiweka juani, itadumu. Tumekiosha chenzake kwa dodoki la waya mwezi mzima, na picha ingalipo."

Nilikuwa nimeketi barazani nikisikia. Niliona kwamba jibu lile ndilo lililonunuliwa kwa magunia kumi ya mahindi. Angaliweza kusema maneno hayo hayo kwa kikombe chochote, na mjane asingalijua uongo wake mpaka miezi imepita na uso wa mumewe umeondoka katika beseni la vyombo. Biashara nyingi ndogo hufa kwa namna hii: si kwa kukosa mashine, bali kwa kukosa jibu la kweli kwa swali fupi.

Basi kwa mtu anayetaka kuianza kazi hii nyumbani shauri langu ni fupi. Anunue kidogo kabla ya kununua kingi. Ajaribu kile kisichoonekana kabla ya kusifu kionekanacho. Achague chombo ambacho atapata chakula chake mahali anapoishi, wala si mahali kilikouzwa. Ahesabu vilivyobaki, si vilivyofika. Na kila achaguapo, amfikirie yule atakayeleta picha moja tu, asiyo na ya pili.