Si Kila Aliyepotewa na Akili Amepagawa

Binti mwenye afya akianza ghafla kusema ovyo, kukesha usiku na kuwashuku ndugu zake, majirani hawakawii kumpa jina: kichaa, au mwenye majini. Nami nimelelewa katika mawazo hayo. Shangazi yangu mdogo alianza hivyo. Baada ya siku chache akashikwa na degedege, kisha akawa hasemi kabisa. Alifariki akiwa na miaka 22. Hakupimwa na daktari yeyote, wala sidai kwamba nakijua kilichomwua. Lakini yako maradhi ya mwili yenye dalili kama hizo, na yafaa kila mzazi ayafahamu.

Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, nchini Marekani, walieleza habari za wanawake 12 waliopatwa na ugonjwa wa namna hii. Wote walikuwa na uvimbe, na kwa 11 kati yao ulikuwa katika ovari. Uvimbe huo wa ajabu huweza kuota nywele, meno, hata nyama inayofanana na ya ubongo. Mwili hutengeneza kingamwili za kuupiga vita. Nazo, zikiisha kuitambua nyama ile, huugeukia ubongo wenyewe, nao ukavimba. Mlinzi wa nyumba amegeuka kumpiga mwenye nyumba. Si kila mgonjwa hukutwa na uvimbe, na saratani nyingine, kama ile ya mapafu, huweza pia kuleta maradhi ya jamii hiyo.

Daktari hupima damu na maji ya uti wa mgongo, kisha hutafuta uvimbe. Ukipatikana huondolewa, na mgonjwa hupewa dawa za kuzituliza kingamwili. Ripoti ya mwaka 2013, iliyohusu wagonjwa 577, ilionyesha kwamba kati ya waliofuatiliwa kwa miaka miwili, takriban wanane katika kila kumi walikuwa na hali njema. Waliotibiwa mapema walipona vizuri zaidi.

Kwa hiyo, kijana akibadilika ghafla, tumpeleke hospitali bila kukawia, tukamweleze daktari mabadiliko yalianza lini na kama ameshikwa na degedege. Kumwombea dua ni haki ya kila familia. Lakini dua husomeka hata kando ya kitanda cha hospitali.