Kiswahili cha Mina al Fahal

Mara ya kwanza kuingia katika Kituo cha Maonesho ya Mafuta na Gesi cha Mina al Fahal, hapa Maskati, nilikuwa na marehemu baba. Ilikuwa 1996, mwaka mmoja baada ya kampuni ya mafuta ya PDO kukitoa kituo hicho kiwe zawadi kwa wananchi wa Oman. Baba alikwishastaafu. Alivaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe, kama anayekwenda kwenye maulidi, maana miaka yake yote ya kazi hapa Oman aliimaliza palepale Mina al Fahal, akiwa karani wa stoo.

Alipita haraka kwenye mawe na picha, akaja kusimama mbele ya kekee ya kuchimbia visima: vichwa vitatu vya chuma vyenye meno, vimeelekeana kama mafiga. Akapitisha kidole juu ya jino moja, taratibu. "Hizi nimezitoa stoo miaka yote ile, kwa vocha na saini," akaniambia. "Leo ndiyo kwanza naona zinavyolitafuna jiwe."

Kwetu Malindi, Unguja, tuliposema mafuta tulikuwa na maana ya mafuta ya nazi au mafuta ya taa. Ya nazi mama aliyakamua mwenyewe. Ya taa nilitumwa mimi dukani na chupa yangu. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, tukaondoka, tukaenda kukaa Mombasa kwa jamaa. Mwaka uleule, katika jangwa la Oman ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuliona, mafuta yalipatikana Fahud. Habari hizi mbili sikuziweka pamoja kichwani mpaka siku ile ya maonesho, nilipoona mwaka umeandikwa ukutani. Nilishikwa na baridi.

Kisa cha Fahud baba alikipenda kuliko vyote. Kisima cha kwanza kilianza kuchimbwa 1956, kikatoka kikavu. Waliochimba hawakujua kwamba mwamba ulikuwa umepasuka na upande mmoja umeshuka, na kwamba mafuta yalikuwa mita mia chache tu kutoka pale waliposimamisha mtambo. Fedha nyingi zilikwishazama mchangani, na ilipofika 1960 wengi wa washirika wa kampuni iliyochimba wakajitoa. Shell na Partex wakabaki. Miaka miwili baadaye mafuta yakapatikana Yibal, 1963 Natih, na 1964 wakarudi Fahud palepale, safari hii upande wa pili wa ufa. Tarehe 27 Julai 1967 shehena ya kwanza ilitoka Mina al Fahal: mapipa 543,800, kila pipa dola 1.42.

Sisi tulifika Oman 1974. Sultani Qaboos, tangu alipotawala 1970, alikuwa akiwaita nyumbani Waomani waliotawanyika ng'ambo, na nchi ilikuwa na njaa ya watu waliosoma. Kabla yake skuli zilikuwa tatu tu Oman nzima. Waliotoka Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam walikuja na Kiingereza cha skuli, wanajua kupiga taipu, kuweka hesabu, kushika daftari la stoo. Kampuni ya mafuta ikawachukua kwa wingi. Kiarabu cha wengi wao kilikuwa cha kubabaisha, na wapo wenyeji waliowaona kama wageni, wakawaita Wazinjibari kwa sauti ambayo baba hakuipenda.

Basi vocha ziliandikwa Kiingereza, lakini kazi ilikwenda kwa Kiswahili. Nilipokuwa kijana nilimpelekea baba chakula, na kabla sijaufikia mlango nasikia: "Shekhe, boliti za Fahud zimeshatoka?" "Zimetoka tangu alfajiri, wewe ulikuwa wapi?" Simu ya redio kutoka kambi za jangwani ilikuwa inaita kwa Kiingereza, ikishajulikana aliyepokea ni nani inageuka, hujambo, sijambo, wazima huko? Saa nne kahawa, na habari za nyumbani: nani kaoa Ng'ambo kule Unguja, nani kafa Wete kule Pemba. Nje, baharini, meli za mafuta zimefungwa kwenye maboya mbali na pwani, kwa sababu hapo hazifungi gatini. Mafuta huzifuata huko kwa bomba la chini ya maji. Nikiwa nimekaa na kikapu changu nikizitazama, na lafudhi ile ya Unguja mgongoni mwangu, sikujiona niko ugenini.

Mwaka jana nilirudi kituoni na mjukuu wangu, ana miaka kumi na mmoja. Pampu ya kisima aliipenda sana, ile inayopanda na kushuka kama mtu anayetwanga. Nilianza kumsimulia Fahud kwa Kiswahili, kama nilivyosimuliwa. Nilipofika kwenye ufa wa mwamba nikaona macho yake yananitazama kwa adabu tu. Alikuwa hanielewi. Nikabadilisha, nikamalizia kwa Kiarabu. Akafurahi, akauliza maswali mazuri kunishinda.

Silaumu. Baba mwenyewe alitaka tusome Kiarabu, tusije tukaitwa wageni tena, na wanangu wamekisoma, na wamepata kazi zao. Lakini nilitoka pale moyo ukiniuma. Kekee imewekwa, itaonekana na vitukuu. Yale maneno ya "shekhe, boliti zimetoka?" hayana kabati la kioo. Walioyasema tunawazika mmoja mmoja, na mimi baba yangu sikumrekodi hata dakika moja, ingawa kaseti zilikuwapo nyumbani tele.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, uwe Maskati, Nizwa au Unguja: ukiwa na mzee aliyefanya kazi katika kambi zile, mtembelee wiki hii. Weka simu mezani, ibonyeze irekodi, umuulize asubuhi kazini walikuwa wakiamkiana vipi.