Kalamu na Uso

Mchezo wa kuigiza una wazazi wawili: mtungaji na mwigizaji. Wa kwanza hufanya kazi yake faraghani. Wa pili huifanya mbele ya macho ya watu. Kwa sababu hiyo sifa nyingi humwendea wa pili. Napenda kuwapima wote wawili kwa michezo miwili ya televisheni ya Marekani iliyosifiwa sana katika karne hii: The Wire, iliyoonyeshwa tangu mwaka 2002 hata 2008, na Breaking Bad, iliyoonyeshwa tangu 2008 hata 2013. Yote miwili yahusu biashara ya dawa za kulevya. Basi mizani yetu ni ya haki.

Breaking Bad ni hadithi ya Walter White, mwalimu wa kemia aliyepatwa na saratani ya mapafu, akaanza kutengeneza dawa hizo kwa hoja ya kuwaachia jamaa zake akiba. Mtungaji wake, Vince Gilligan, alikusudia jambo gumu: mtu wa kawaida ageuke mwovu hatua kwa hatua, na mtazamaji asimwache njiani. Alimtaka Bryan Cranston, ambaye wengi walimjua kwa kuchekesha, kwa kuwa mwaka 1998 alikwisha kumwona akimwigiza mtu wa kuchukiza hata watazamaji wakamhurumia. Chaguo lilikuwa jema: Cranston alipata tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu mara nne. Mtazame anapomdanganya mkewe: ulimi wasema neno moja, uso wakiri jingine. Hapo kalamu imekoma na uso umeendelea. Tena Gilligan aliwahi kukusudia kijana Jesse Pinkman afe mapema. Uigizaji wa Aaron Paul ukambadili nia.

The Wire yasimama kwa mguu mwingine. David Simon alikuwa mwandishi wa gazeti mjini Baltimore; mwenziwe, Ed Burns, alikuwa mpelelezi wa polisi, kisha mwalimu wa shule. Waliandika waliyoyajua. Hapana shujaa mmoja humo. Mna mji mzima: polisi, wauzaji, makuli wa bandarini, wanasiasa, walimu na wanafunzi. Neno lisemwalo leo huzaa tunda lake baada ya sehemu nyingi. Kwa kuwa maneno ni ya kweli, Idris Elba, mzaliwa wa London, aliweza kuyanena kama mtu wa Baltimore. Na Felicia Pearson, mzaliwa wa Baltimore ambaye hakuwa mwigizaji kabla ya hapo, aliyanena bila kutetereka. Walakini mchezo huu haukupata hata tuzo moja ya Emmy.

Upi bora? Wengi huchagua Breaking Bad, nami sishangai, maana uso wa mtu mmoja hushika moyo upesi kuliko mji wa watu elfu. Mimi nachagua The Wire. Uigizaji mkubwa waweza kutufanya tumhurumie mkosaji hata tuwasahau aliowadhuru. Kalamu ya Simon na Burns hairuhusu usahaulifu huo. Mwaka 2006 walitungia shule mfululizo wao wa nne, wakaonyesha wavulana wanne, karibu na umri wenu, na katika hao ni mmoja tu aliyepata kimbilio jema. Wala hapana mwovu mmoja wa kubebeshwa lawama yote. Kila mtu mzima alitimiza sehemu ndogo ya wajibu wake, na sehemu ndogo hazikutosha.

Kidole kimoja hakivunji chawa: uso bila kalamu ni kinyago, na kalamu bila uso ni sauti isiyo na kinywa. Lakini mtazamapo mchezo, msikome kwenye machozi ya yule aliye mbele ya kamera. Ulizeni ni nani mwingine alikuwa na haki ya kulia, na kama mtungaji alimpa nafasi.