Barua ya Ndani ya Eda

Niko Gairo kwa shangazi, upepo wa huku usiulize, na nimemaliza Barua Ndefu Kama Hii. Ni riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979; nasi tunayo kwa Kiswahili.

Ramatoulaye yumo edani, anamwandikia shoga yake Aissatou, na kitabu kizima ndiyo hiyo barua. Mumewe Modou, baada ya watoto 12, alimuoa Binetou, rafiki wa binti yao. Habari akaletewa na imamu na shemeji, ndoa imeshafungwa! Hapo nilikiweka chini. Aissatou alipoolewewa aliondoka na wanawe wanne, Ramatoulaye alibaki. Siku 40 za msiba zilipopita, shemeji yuleyule akaja kumposa, eda haijaisha. Alipewa zake, nikafurahi mie!

Nikahi yangu inshallah ni Mfungo Tatu. Mchumba yuko Dodoma. Nimemwandikia kwa karatasi, nikampa kondakta wa basi: ukitaka mke wa pili, utaniambia mwenyewe au utatuma watu? Jibu limefika juzi, kurasa mbili. Hayo ni yetu wawili.